Mandari Iliyozidi Siku Moja

Sidab, Jumapili 4 Oktoba 1970

Wiki ya tatu leo tangu tushuke Oman, na bado sijakiona hicho kitu ambacho Baba alikuwa akikililia Mombasa miaka sita. "Tunarudi kwetu, Nasriya," alisema. Kwetu! Mimi kwetu Unguja, Vuga, nyumba ya ghorofa yenye roshani na bafu la vigae. Hapa ni majabali meusi, mbuzi wanaokula makaratasi, na maji yanayoletwa na punda. Ukitaka kwenda Maskati mjini uzunguke jabali zima, na ukifika unakuta ukuta, jumba, na askari wanaopiga miayo.

Tumefikia kwa Ami Mahfoudh, ndugu yake Baba toka nitoke. Ametupa vyumba viwili vya uani. Mkewe alifariki zamani, kwa hiyo Mama kageuzwa mpishi siku ya pili tu. Ami si mtu mbaya, ila anatusemesha kwa makelele kama viziwi, kwa sababu Kiarabu chetu ni cha msahafu, cha sokoni hatuna.

Halafu kuna mwanawe, Marhoon. Dereva wa Landrova ya mizigo, miaka thelathini na kitu. Alikaa mbele yetu kwenye sinia, akala, akanawa, akaondoka. Hakusema kitu. Nikamuuliza Mama mbele yake, "Hili gogo linapumua kweli?" Mama akanifinya paja. Ala, kwani anajua Kiswahili?

Ijumaa 16 Oktoba

Kumbe ndiyo maana tukapewa vyumba viwili. Ami anataka kumuoza Marhoon, na anayemtaka ni mimi.

Baba kaniambia baada ya sala, macho yake kayatupa kwenye mkeka. "Tumo nyumbani mwake, mwanangu. Na umri nao unakwenda." Nina miaka ishirini na sita, situmii mkongojo. Nimesomesha skuli Mombasa miaka minne, wazee wa watoto wakiniinukia nikipita. Leo niolewe na mtu anayepakia magunia ya mchele, asiyejua hata kusema ahsante baada ya kula?

Nikalia, nikagomba, Mama akalia pamoja na mimi, mwisho tukapatana hivi. Serikali mpya inatafuta walimu wanawake kwa ajili ya skuli za wasichana. Nikiipata kazi kabla mwaka haujesha, tutapanga nyumba yetu wenyewe na posa itarudishwa kwa adabu. Nisipoipata, naolewa na Marhoon, na nisifungue mdomo. "Lakini Ami asijue habari ya kazi," akasema Baba. "Kwake yeye mwanamke kwenda ofisini ni fedheha. Atasema nimemvunjia heshima ndani ya nyumba yake." Kwa hiyo ni siri yetu sisi watatu.

Nitaipata. Katika mji huu mzima wanawake wanaojua kuandika sentensi mbili za Kiingereza hawajazi hata chumba hiki.

Alkhamisi 22 Oktoba

Joto. Vumbi. Marhoon kala, hakusema kitu.

Jumapili 1 Novemba

Ramadhani imeingia. Wenyeji wanafuturu kwa tende na kahawa chungu, wakishajiramba vidole wanasema alhamdulillahi. Mama akapika tambi za nazi na mikate ya maji. Ami akazitazama zile tambi, akauliza kwa ishara kama ni chakula cha watoto. Kefule! Watu hawa wametawala Unguja miaka mia na zaidi, na waliobaki huku hawakuletewa hata sahani ya tambi.

Marhoon akala tambi. Akachukua nyengine. Hakusema kitu.

Jumanne 10 Novemba

Ninacho kitabu cha kujifunzia Kiarabu nilichokuja nacho. Nimemaliza sura ya hesabu: wahid, ithnein, thalatha, mpaka elfu nazijua. Leo nilikuwa uani nikihesabu kwa sauti, mara Marhoon kasimama mlangoni na funguo zake za gari. Nikafika kumi na mbili, akanisahihisha. Taratibu kabisa, mara mbili, eti nimfuate.

Nikafunga kitabu nikaingia ndani. Mimi mwalimu, nisomeshwe na dereva! Nikamwambia Mama, kwa sauti ya kutosha, kwamba huyo ajifunze kwanza kukata kucha. Toka leo sikifungui kitabu akiwapo.

Jumanne 24 Novemba

Nimekwenda Maskati na Baba. Ami tumemwambia tunakwenda kwa daktari. Ofisi ya elimu ni chumba kimoja na feni moja, lakini karani wake ni Mzanzibari, alhamdulillahi, mtu aliyestaarabika. Kaniandika jina. Nafasi ni tatu, wanaozitaka ni wengi.

"Njoo Alkhamisi tarehe kumi Disemba, asubuhi, msailiwe wote kwa pamoja," akasema. "Na asiyefika, bibi, nafasi yake apewa mwengine hapo hapo. Tuna haraka."

Nikamwambia mimi sijapata kuchelewa pahala tangu kuzaliwa.

Jumanne 1 Disemba

Idi. Marhoon kamletea Mama udi na Baba kilemba. Mimi kanipa salamu. Nikamjibu kwa kidevu.

Ijumaa 4 Disemba

Baba kapata wazimu wa mandari. Unguja kila baada ya Idi tulikuwa tukipanda boti na biriani yetu na gramafoni, tunakwenda kushinda Changuu, watoto wanapanda juu ya makobe, jioni tunarudi. Sasa kasikia kwamba mbele ya Sib, kaskazini, kuna visiwa vidogo vidogo vya mchanga vimepangana baharini, havikai mtu. "Twende tukalale siku mbili," anasema, macho yanamng'ara. "Tufanye kama zamani."

Ami akacheka mpaka akashika mbavu. "Huko kuna ndege na wavuvi. Nyinyi mnakwenda kufuata nini?" Mara ya kwanza nimekubaliana na Ami. Mtu anaishi Oman, mchanga anao kitandani, kwenye chai, ndani ya masikio, halafu apande chombo akautazame mwengine!

"Jumatatu tunakwenda, Jumatano tunarudi," Baba akaniambia pembeni. "Alkhamisi yako ipo pale pale." Na Mama hendi bila ya mimi. Basi nitakwenda. Huko nitajifunza majibu yangu ya usaili bila ya kusikilizwa.

Jumatatu 7 Disemba, kisiwani

Marhoon katupeleka Sib na Landrova, njia nzima tunarushwa kama dengu kwenye ungo. Pwani tukakutana na Bakhit, mvuvi mwenye mashua ya injini. Meno yake mengi, nguo zake chache. Kazi yake ni kututembeza visiwani, kutushusha kile kikubwa, kisha aendelee na uvuvi wake mbele huko na kuja kutuchukua siku ya kurudi.

Ikabidi aambiwe siku. Marhoon alikuwa keshaanza kumwendea. Nikamtangulia, sitaki dalali wa maneno yangu. Sasa jina la Jumatano kwa Kiarabu likanipotea, sijui hata kama nililisoma. Lakini Jumatano ni siku ya tano, na tano ni khamsa, mtoto wa chuoni anajua. Nikamwambia Bakhit, "Yaum khamsa, taal," yaani siku ya tano njoo, nikamkunjulia vidole vitano mbele ya pua asije akasema hakuelewa. "Tayyib, tayyib," akacheka. Marhoon akafungua mdomo. "Sikukuuliza," nikamwambia kwa Kiarabu, na hiyo niliitamka sawasawa kabisa. Akaufunga. Tukamwacha amesimama pwani.

Visiwa vyenyewe ni hivi: jiwe, mchanga, mavi ya ndege. Cha pili: jiwe, mchanga, mavi ya ndege. Baba kasimama mbele ya mashua anapiga makelele, "Hiki kama Bawe! Kheiria, tazama, hiki kama Chapwani!" Na Mama anaitikia, "Ewaa, khasa." Chapwani kuna miti. Hapa hakuna hata kijiti cha kufungia mbuzi, na mbuzi mwenyewe angekataa kushuka.

Tumetandika chini ya turubali. Biriani ina mchanga.

Jumanne 8 Disemba, kisiwani

Gramafoni imeingia mchanga, inaimba kama mtu mwenye mafua. Baba hajali. Kaikunja kanzu mpaka magotini, anatembea majini, anaokota makombe. Kasa katoa kichwa karibu yake, Baba akamwamkia, "Shikamoo, mzee!" akacheka peke yake. Mzee mzima, karani mkuu wa zamani.

Mimi nimekaa upande wa pili nikiwajibu ndege kwa Kiingereza kwa nini nataka kusomesha wasichana. Nimejibu vizuri mno. Ndege wamekosa adabu tu.

Jioni Baba akaja akakaa karibu yangu. "Mwanangu, n'najua huupendi mji huu," akasema. "Mimi nlitaka tu uone kwamba bahari ni ile ile." Nikamwambia bahari sina ugomvi nayo. Akaendelea kupanga makombe yake mchangani. Nilimhurumia kidogo, kisha nikakumbuka kwamba ndiye aliyetuleta.

Jumatano 9 Disemba, kisiwani

Asubuhi. Nimefunga kila kitu. Turubali limekunjwa, masufuria yamesuguliwa kwa mchanga (hicho ndicho kitu cha kwanza mchanga huu umefaa). Tumekaa juu ya mizigo. Bakhit atafika wakati wowote.

Mchana. Hajafika. Washenzi wa namna hii saa hawana, wanakwenda kwa tumbo. Nitamwambia maneno yake leo.

Alasiri. Tumelikunjua turubali kwa sababu Mama kichwa kinamuuma. Upepo umegeuka, unatupiga mchanga usoni. Maji tuliyochukua yalikuwa ya siku mbili na kidogo, yamebaki vikombe vichache tu chini ya debe, na hivyo vina ladha ya bati. Mimi sinywi tena, nampa Mama. Naye ananirudishia, anasema mbona midomo imenikauka, kunywa. Tunasukumiana kikombe kama wageni kwenye mlango.

Mashua mbili zimepita mbali. Nimesimama juu ya jiwe nikipunga kanga ya Mama, nikaita mpaka sauti ikanikauka. Mimi, Nasriya binti Thabit, juu ya mavi ya ndege, napungia wavuvi kanga! Hawakugeuza hata shingo.

Baba akaniuliza, "Ulimwambia Jumatano?"

"Nilimwambia."

"Alifahamu?"

"Baba, nilimwonyesha vidole!"

Hakuuliza tena. Kakaa anaitazama bahari. Anajua kama ninavyojua mimi. Kama hatulali Sidab leo, kesho nafasi yangu inakwenda kwa mwengine, na mimi nakwenda kwa Marhoon. Nyumba yetu wenyewe basi, skuli basi. Na yote hayo kwa sababu ya mvuvi mmoja asiyejua kesho na kesho kutwa! Nikimtia mkononi Bakhit huyu nitamng'oa yale meno moja moja. Serikali inataka kujenga skuli. Ianze na yeye.

Jua limekuchwa. Hakuna mtu.

Alkhamisi 10 Disemba

Naandika nikiwa Sidab, na ninaandika ili nisipige ukuta.

Mashua ilifika jua limeshapanda. Bakhit anacheka vile vile, na mbele yake kakaa Marhoon na debe la maji, mikate, na mwavuli. Sikungoja hata ishike mchanga. Niliingia majini na viatu nikamvaa Bakhit kwa kila neno baya la Kiarabu ninalolijua, na yaliyonishinda nikaongeza ya Kiswahili. Kaddhab! Mwongo! Mnafiki! Mama amekaa na kiu usiku kucha kwa sababu yako! Yule mtu akawa anatutazama mmoja mmoja, kisha akainua mkono wake, vidole vitano, kama nilivyomwonyesha mimi. "Khamsa," akasema. "Yaum khamsa. Hadha al-khamis." Na akaonyesha chini, yaani ndiyo leo.

Nikataka kumjibu. Nikaanza kuzihesabu siku kwa vidole vyangu.

Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, al-khamis, ndiyo Alkhamisi. Sisi tunaanza Jumamosi, ndiyo maana ya tano yetu ni Jumatano, halafu kesho yake tunaweka tano ya pili, ya kuazima, tunaiita Alkhamisi. Tano mbili zimefuatana kwenye wiki moja! Tangu nna miaka mitatu nimezitaja kila wiki, watoto nimewasomesha kuzitaja kwa wimbo, na sikupata kujiuliza hata siku moja. Bakhit alikuja siku niliyomwambia. Hakuchelewa hata kidogo.

Marhoon alimpa Mama maji, akamfungulia mwavuli, akamwekea ubao apandie. Mimi akanipa kikombe bila ya kunitazama. Nilikunywa. Hakusema kitu.

Sib tulifika wakati wa adhuhuri, Maskati alasiri. Ofisi imefungwa. Nilisimama mbele ya mlango na nguo zangu zilizokauka chumvi. Askari aliyekuwa kivulini akanionyesha kwa mkono nirudi nilikotoka.

Jumamosi 12 Disemba

"Nafasi zimekwisha, bibi," kasema karani. "Tulikwita mara tatu." Wamechukua watatu, na mmoja wao ni Muhsina fulani, aliyekuja kutoka Bujumbura, anayesema "mtoto yangu" na "nyumba wangu". Huyo ndiye mwalimu. Alifika mapema, eti, na Kiarabu chake kizuri.

Jumapili 13 Disemba

Leo mimi ndiye ambaye sikusema kitu.

Jumatano 16 Disemba

Mama kanieleza, huku akichambua mchele, kwamba Marhoon siku ile ya Jumatano alikuwa Sib tangu asubuhi. Alisikia nyumbani tukisema tunarudi Jumatano. Lakini Bakhit alikuwa keshapita na uvuvi wake, hakurudi mpaka usiku, na wengine wote wenye mashua wakakataa kutoka kwa upepo ule. Akalala kwenye Landrova, na alfajiri akamwamsha Bakhit. "Maji yetu aliyaona machache tangu tunaondoka," akasema Mama.

Nilichambua mchele na mimi.

Alkhamisi 17 Disemba

Nimefikiri usiku mzima, na nimefikiri kama mtu mzima. Ahadi ni ahadi. Zaidi ya hayo, Marhoon si gogo kabisa. Ana mwili mzuri, ana nidhamu, hapigi kelele. Anachokosa ni mtu wa kumtengeneza. Nitamfundisha Kiswahili, aweze kuzungumza na watu. Nitamkata kucha mwenyewe. Kiingereza kidogo, shati la mikono mirefu, mwaka mmoja tu nitakuwa nimemtoa kwenye Landrova nimtie ofisini. Atanishukuru maisha yake yote.

Nikamwambia Baba, "Haya. Mwambie Ami nimekubali." Baba akanibusu kichwani, akaenda amevaa viatu kinyume. Nilisikia kicheko cha Ami mpaka uani, na lazima niseme nilifurahi. Ni muda mrefu sijamfurahisha mtu katika nyumba hii.

Jumamosi 19 Disemba

Mama alikuwa kwa jirani. Baba alikuwa chumbani na redio yake. Mimi jikoni, natoa matumbo ya samaki, mikono yote damu, ndipo Marhoon akaja akasimama mlangoni. Nikajiweka sawa mtandio kwa kiwiko. Nikamwambia kwa Kiarabu, polepole, nikiwa mpole kuliko nilivyopata kuwa, "Tafadhali."

"Bint ammi," akasema, "nna neno na wewe, mwaya."

Kisu kikanianguka. Kiswahili! Tena cha Unguja, cha jikoni, cha kike, na ile "mwaya" ya Mama akiwa na huzuni.

"Umekijua lini?" nikamuuliza.

"Miezi mitatu twala sinia moja. Masikio nnayo."

Nikaanza kukumbuka niliyoyasema, siku moja moja, chakula kimoja kimoja, na yeye anatafuna.

"Baba yangu kesho ataka isomwe Fatiha ya posa," akasema. "Mimi sitaki."

"Wewe? Wewe ndiye hutaki?"

"Mimi. Mke wa kunisemesha namtaka. Wa kunisema simtaki. Tangu mmekuja hukunisemesha hata siku moja, wanisema tu." Alikuwa haninyanyulii sauti. Angeinyanyua ningejua la kumjibu. "Na Bakhit ulimtukana mbele ya watu. Ana watoto, yule. Alikuja siku yake, na wewe mpaka leo hukwenda kumwambia samahani."

Nilitaka kumwambia kwamba niko radhi, kwamba usiku wa kuamkia Alkhamisi nilimfikiria mpaka asubuhi, kwamba nimekwisha kupanga. Lakini yote niliyokuwa nimepanga yalikuwa mambo ya kumbadilisha. Hapakuwa na hata moja la kumpokea alivyo.

"Sijamwambia mtu," akasema. "Nimekuja kwako kwanza. Mwambie ami, baba yako, kwamba wewe ndiye uliyekataa. Watu hawatostaajabu, na wewe hutofedheheka." Akaokota kisu changu, akakisuuza kwa maji ya kata, akakiweka juu ya ubao. Akaondoka.

Paka aliingia akachukua samaki mmoja na sikumfukuza.

Baba akapunguza redio. "Nasriya! Marhoon alikuwa akisema nini?"

"Sijui, Baba," nikamwambia. "Kiarabu chao kizito. Sikumfahamu."